Misemo ya Madam, Chumba kwa Chumba

Jumapili ile tulipotoka kanisani Selpha hakuingia kwake. Alinifuata hadi mlangoni pangu, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na karo la kufulia, akasema, "Mama Githae, ile intavyu nilianguka."

Selpha ni mpangaji wangu hapa Kiganjo, nyumba namba tatu. Kwao ni Vihiga. Mume wake, Philip, ni askari wa geti huko Mwiki, na yeye mwenyewe anakata nyuzi katika kiwanda cha nguo. Cheti cha kutunza wagonjwa alikisomea wikendi, mwaka mzima, bila kukosa hata siku moja. Kwa miezi mitano alikuwa akingoja kazi katika nyumba ya wazee kule Uingereza, na mimi nilikuwa nimeiweka hiyo kazi katika maombi yangu ya asubuhi, baada ya watoto wangu na kabla ya goti langu.

"Walikuuliza nini kigumu?" nikamuuliza.

"Si maswali, Mama. Maswali nilikuwa nayo. Ni vile yule mama wa kunihoji anaongea. Sentensi moja, misemo miwili. Nikanyamaza dakika nzima, ananiangalia tu kwa hiyo skrini. Ajenti anasema wamenipa nafasi moja tu, Ijumaa. Nikianguka tena wanafunga faili, wanachukua mwingine."

Akanipa simu yake. Alikuwa ametoa mahali orodha ya misemo mia mbili ya Kiingereza, kila mmoja na maana yake. Nilivaa miwani nikasoma. Mvua ya paka na mbwa. Ng'ombe kuruka mwezi, sijui. Nikamrudishia.

"Aliyeandika hii hajawahi kumwosha mzee," nikamwambia.

Ni lazima nieleze nilivyojua. Mimi nilisoma hadi darasa la saba, basi. Lakini nilikaa miaka kumi na minne kwa Missis Ashcombe, mjane Mwingereza aliyekuwa na shamba la kahawa upande ule mwingine wa Thika. Niliingia nikiwa wa kufagia. Nyonga yake ilipokataa kazi nikawa miguu yake, kisha mikono yake, hadi mwisho. Sote tulimwita Madam. Madam hakuwa mtu wa kutaja kitu kwa jina lake. Mwili wake, tumbo lake, hofu zake, vyote vilikuwa na misemo, na mimi nilijifunza misemo hiyo chumba kwa chumba kama mtu anavyojifunza nyumba.

Basi Jumatatu Selpha alipotoka kazini nilianza na choo. Nilimwambia mzee wa kule akisema anataka "to spend a penny", usimtafutie mkoba wa pesa, mpeleke choo, na umpeleke haraka. Chumba cha kulala: akiamka akasema yuko "under the weather", hajisikii vizuri, mguse paji la uso. Akisema yuko "full of beans", ana nguvu leo, mtoe nje kabla hajabadilisha nia. Mezani: "off my food", chakula hakipiti.

"Na huu?" Selpha akauliza, akiandika. "Mustn't grumble?"

"Huo ni wa kila mahali. Ukimuuliza habari yako, anakujibu hivyo. Ati haifai kulalamika."

"Kwa hivyo yuko sawa."

"Kwa hivyo kuna kitu cha kulalamikia," nikamwambia. "Andika."

Jumanne Maggie alikuja. Maggie anauza mboga hapo nje ya geti langu na hakuna neno linalopita kwenye hii ploti asilisikie. Alisema yeye ndiye atakuwa mzungu. Akachukua shuka langu la Kimasai akajifunika magoti, akajipaka unga wa mandazi usoni, akaketi akitetemesha kichwa.

"Niletee chai, dalingi! Na usiniletee ya maziwa mingi kama ya matanga!"

"Wee Maggie, mgonjwa hapigi kelele hivyo," nikasema.

"Mimi ni mgonjwa tajiri. Selpha, nikune mgongo. Hapana, chini. Chini kidogo. Ngai, huyu msichana atapita, ana kucha nzuri!"

Selpha alicheka hadi akashika mbavu, na mimi nilishukuru, kwa maana tangu Jumapili hakuwa amecheka. Kisha Maggie akaitwa na mteja wa sukuma wiki, nikaketi mimi kwenye kile kiti.

"Niulize habari," nikamwambia.

"How are you today, madam?"

"Right as rain, dear." Huo nao ni msemo, maana yake niko mzima kabisa, sina shida yoyote. Nikanywa chai yangu.

"Very good, madam," Selpha akasema, akaandika kwenye daftari, akageuka kama mtu anayeenda kwa mgonjwa mwingine.

"Umeniua," nikamwambia.

"Ati?"

"Nimekufa. Rudi uniangalie. Chai nimeinywa na mkono gani?"

Akanitazama. "Wa kushoto."

"Na mimi hula na mkono gani kila siku ya Mungu?"

Hapo akaketi chini. Nilimweleza kwamba Madam alikaa siku mbili na kifundo cha mkono kimevunjika, na kila nikiuliza ananijibu yuko "right as rain". Nilijua tu nilipoona amefunga vifungo vya sweta vibaya, mtu ambaye hajawahi kukosea kifungo. "Maana ya msemo iko hapo kwa simu na ni ya kweli," nikamwambia. "Lakini wewe hutaajiriwa kutunza msemo. Angalia kikombe. Angalia sahani. Angalia vile ameketi."

"Na mtu akisema hana shida, mimi ni nani nimbishie?"

Baba Githae, mume wangu Ndung'u, aliniambia "niko sawa tu" wiki tatu mfululizo kabla hajafa, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika sokoni kabla ya jua kali. Nilimwambia Selpha hayo. Aliinuka akaosha vikombe.

Alhamisi nilifunga kwa ajili yake. Jioni akaja na swali la mwisho. "Mama, na wakisema msemo ambao sijui kabisa?"

Hilo nililijibu upesi, kwa maana ndilo nililokuwa na hakika nalo. "Usionyeshe. Tabasamu, useme 'Quite so'. Ni kama kusema ni kweli kabisa, ndivyo ilivyo. Mimi nilisema 'Quite so, Madam' miaka kumi na minne na hakuna siku alijua nisichojua."

Kuna jambo sikumwambia. Siku nne kabla Madam hajafa, nikimgeuza alale upande, alinishika mkono akasema, "I've had a good innings, Njambi." Njambi ndilo jina langu. Sikujua maana yake. Niliona aibu kuuliza, mtu mzima kama mimi, nami nilikuwa nimejifanya najua siku nyingi mno. Nikasema, "Quite so, Madam." Akafumba macho. Baadaye nilifikiri labda ni maneno ya Biblia, nikayatafuta katika Biblia yake ya Kiingereza aliyoniachia. Nilitafuta miaka miwili. Nilifika Nehemia nikachoka. Sikuwahi kumuuliza mtu, kwa kuogopa kuambiwa kwamba alikuwa akinilaumu, au akiniomba kitu nami sikumpa.

Ijumaa saa saba mchana tulikuwa Ruiru, ofisi ya ajenti, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Selpha alikuwa ameniomba niende naye. Ajenti, kijana aitwaye Njau, suruali imembana mapajani, alinitazama na Biblia yangu, akaniita bibi kwa Kikuyu.

"Shosho, hapa ndani utakaa, lakini usiongee. Hata kukohoa. Wakisikia sauti ingine watasema anafundishwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kijana. Na wewe mfungulie dirisha, ana jasho."

Nilikaa pembeni, mahali Selpha angeweza kuniona na kamera isingenipata, lakini skrini niliiona. Alitokea yule mama, nywele fupi, akamsalimu vizuri. Akamwambia Selpha kwamba leo hakuna maswali mengi. Ataongea na mzee anayeitwa Arthur, amchukulie kama mzee aliye chini ya uangalizi wake. Kamera ikageuzwa. Hapo ameketi mzee mrefu, blanketi magotini, kikombe na sahani ya biskuti kando yake.

"Good morning, Arthur. How are you today?" Selpha akasema.

"Right as rain, my dear. Don't you fuss." Ati asisumbuke.

Nilibana Biblia. Nilifikiri Selpha atasema "very good", kalamu yake ilikuwa imeinuka. Kisha nikaona macho yake yanashuka kwenye skrini, polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Akamwambia kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwamba amefurahi kusikia hivyo. Halafu akasema, "Lakini Arthur, chai yako imeweka ngozi juu. Na biskuti ziko zote. Hujala tangu asubuhi?"

Mzee akatazama kikombe kama hakujua kiko hapo. Akasema kidogo yuko "off his food", ni kitu cha kawaida. Selpha akamuuliza kama ni kumeza kunakomuuma, au ni kinywa, au ni moyo tu haukitaki chakula. Akamwambia anaweza kumletea uji laini akae naye anapokunywa, na kwamba atamwambia muuguzi, si kwa kumsemea, ila kwa kumtunza. Yule mama sikumwona, lakini nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi.

Mzee akasukuma kikombe kando. Sijui kama bado alikuwa anaigiza. Akatazama pembeni, mahali palipotoka mwanga, akasema, "Oh, well. I've had a good innings."

Macho ya Selpha yakanikimbilia mimi. Njau naye akanitazama, amekunja uso. Ningeweza hata kutikisa kichwa tu, ndiyo au hapana. Lakini ningetikisa nini? Mwalimu mwenyewe alikuwa hajui. Niliangalia viatu vyangu nikaomba, Bwana, amwambie "Quite so" tuende nyumbani.

Hakusema hivyo. Alisogea karibu na skrini.

"Arthur, huo msemo siujui," akasema. "Nisamehe. Naona una maana kwako. Tafadhali niambie unasema nini."

Njau alifumba macho. Mimi nilihisi moyo wangu umeshuka hadi ghorofa ya kwanza, kwenye magodoro.

Yule mzee aligeuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Uso wake ulifunguka. Akamweleza kwamba ni wa kriketi, mchezo alioucheza ujanani. Mchezaji anaposhika gongo lake zamu ndefu, akakimbia mbio zake, akafurahia jua, basi hata akitolewa anatoka uwanjani bila kinyongo. Ndiyo kusema, nimeishi siku nyingi na nimeziishi vizuri, na nikiitwa sasa silalamiki. "Wengi hunijibu tu 'don't be silly', acha upuuzi," akasema. "Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Basi niambie ya hizo mbio zako," Selpha akasema, "nikikuletea uji."

Akacheka, yule mzee. Akaanza kumwambia juu ya uwanja fulani na kakake, na yule mama akamwacha aendelee kwa muda kabla ya kugeuza kamera. Sikusikia mengi. Nilikuwa nimevua miwani, naifuta na kona ya leso.

Hawakungoja kuandika barua. Yule mama alisema hapo hapo kwamba amempitisha, karatasi zitatumwa kwa ajenti Jumatatu. Njau akaruka kutoka kwenye kiti. "Selpha! Umeniua na presha, wewe! Nani alikufundisha kuuliza?"

"Si mimi," nikasema. "Mimi nilimfundisha kunyamaza."

Tulipokuwa tukishuka ngazi Selpha alinishika mkono kwa sababu ya goti langu. "Mama, unisamehe. Ulisema niseme 'Quite so'. Nilitaka. Lakini nilimwona vile anaangalia dirisha, nikaona nikisema hivyo nitakuwa nimemfungia mlango."

Nilisimama kwenye ngazi. Nikamwambia habari ya Madam, jina langu alivyolitaja, na Nehemia. Alisikiliza hadi mwisho, watu wakitupita na magodoro yao.

"Kwa hivyo alikuwa anakuaga," akasema.

"Alikuwa ananiaga. Na ameridhika."

"Na wewe ukamwambia ni kweli kabisa, ndivyo ilivyo." Akafikiri. "Mama, lakini hilo lilikuwa jibu zuri."

Sikuwa nimeliona hivyo. Miaka yote hiyo nilidhani nimemdanganya. Nilimshukuru Mungu hapo hapo kwenye ngazi za watu, kwa sauti, na Selpha akasema amina.

Kisha nikampeleka kwenye mitumba ya Ruiru, kwa maana kule aendako ni baridi na hizi sweta zake za Kiganjo ni za kupendeza tu. Nilishika kila sweta nikivuta uzi, nikiiweka shavuni. Aliyekuwa akiuza akaniuliza, "Shosho, wewe ndio unasafiri?"

"Huyu ndiye anasafiri," nikamwambia. "Nitolee ile ya kijivu. Na iwe na vifungo vikubwa, vya kuonekana, akivifunga vibaya mtu ajue."