Hatua Kumi na Tano kutoka Mfongoni

Mwaka nilioolewa Marangu, 1951, kahawa iliwahi kuiva, na barua ya serikali nayo ikawahi. Aliileta Bwana Afya kutoka Moshi mjini, kijana mfupi aitwaye Mikidadi, kaptula yake imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe. Alimwamkia baba mkwe wangu, Mzee Basili, akakaa kigodani, akasoma: kuanzia tarehe mosi Agosti ni marufuku kumwaga maji ya kuoshea kahawa mfongoni. Mashine itakayokutwa inamwaga itafungwa kufuli.

Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unaoteremsha maji ya msituni kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila ukoo. Mashine ya baba ya kumenya kahawa, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, ilisimama ukingoni kabisa. Majirani walileta kahawa yao mbivu kwake, ikamenywa, ikalala kidogo, ikaoshwa. Bila maji, mashine ile ingefaa kuanikia nguo tu.

"Karibu mbege, Bwana Afya," baba akasema.

"Asante, mzee. Mimi Mwislamu."

"Basi maji."

Mikidadi akautazama mfongo, maganda mekundu yakielea kama msafara wa siafu. "Hayo nayo, mzee, uniwie radhi."

Alipoondoka, baba akawasha kiko, akakivuta hadi kikabaki majivu. Kisha akacheka. Kwetu kila ukoo una zamu ya maji. Siku yako unaziba mfongo kwa udongo na magome ya migomba, maji yote yanaingia kihambani kwako.

"Barua inasema mfongoni," akasema. "Siku ya zamu maji hayako mfongoni, yako kwangu. Tutaosha Ijumaa tu, siku yetu. Waambieni majirani."

Wote wakaona hiyo ndiyo akili. Mimi nikauliza, "Baba, yakishaingia kihambani yanaishia wapi?"

"Kwenye migomba."

"Yote?"

"Salvina, huko darasa la nne walikufundisha nini, kuuliza tu?"

Ijumaa nilichana shuka kuukuu jeupe vipande sita, nikayafuata yale maji. Penye migomba ya mshare nikachovya kimoja. Penye magimbi, kingine. Mwisho wa kihamba, chini ya ua wa masale, nikakuta maji yamejitobolea kijia, yanarudi mfongoni taratibu kama mgeni aliyesahau fimbo. Hapo nikachovya cha sita. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya kuchacha.

Hatua chache chini yangu alikuwa Margareta, mke wa Sirili, anachota maji. Sirili naye alikuwa na mashine, na kwa sababu hiyo yeye na baba walisalimiana kanisani tu.

"Wewe bibi harusi wa kwa Basili," akaniita, "unafua matambara kwenye maji ya kunywa?"

"Nayaonja, mama. Kwa kitambaa."

"Una bahati. Sisi tunayaonja kwa mdomo."

Nilivitundika vile vitambaa kwenye mashine, kwa mpangilio. Baba akavitazama kimoja kimoja, cha sita akakinusa.

"Bwana Afya angepita leo," akasema, "ni kufuli."

Kesho yake tukachimba mashimo mawili mbali na mfongo. Maji machafu yakazama ardhini, maganda yakabaki yakaoza, na baadaye migomba ikayapenda.

Tarehe mosi Mikidadi alikuja, kufuli mkobani. Akachungulia mashimo, akateremka na vitambaa vyangu vipya hadi kwa Margareta, akavichovya, akarudi navyo vyeupe.

"Mzee, mjini waliandika marufuku kwa kuwa hawakujua kama hili linawezekana. Nitawaandikia. Mashimo yawe umbali gani?"

"Hatua ishirini," baba akajibu upesi. "Andika hivyo, iwe amri kwa kila mwenye mashine."

Nikajiuliza, kwa nini ishirini? Kisha nikakumbuka kihamba cha Sirili: kutoka mfongoni hadi ua wa jirani hatua hazizidi kumi na nane. Kumbe baba alikuwa ameanza kuipenda barua.

"Baba," nikasema, "ya kwetu yako kumi na tano. Nilihesabu nikibeba udongo."

"Hatua za nani?" Mikidadi akauliza.

"Zangu."

Akapima mwenyewe, kwa miguu yake mifupi kama yangu. Kumi na tano. "Sasa ishirini ya nini, mzee?"

"Ni namba nzuri tu," baba akasema.

Mikidadi akaandika kumi na tano, akaomba maji. Nilichota mfongoni, chini ya mashimo. Alikinusa kikombe kwanza, akanywa hadi mwisho, akaenda, kufuli likigongagonga mkobani.

Baba akanigeukia. "Unajua umempa nini Sirili?"

"Najua, baba. Hatua tatu za akiba."

Akakung'uta kiko. "Basi kesho nenda na vitambaa vyako ukampimie. Akichimba kumi na mbili, wale watu wa mjini watatufungia wote."