Daktari wa Jumapili

Kila Jumapili ukoo mzima ulioachwa nyumbani ulijazana kwa video ndani ya simu ya baba, huku ughaibuni, na binti ndiye aliyeishika, hata siku ya kesi yake mwenyewe. Baba alikaa kitandani na shati jeupe lililonyooka kwa pasi, tai shingoni. Chini, kamera isikofika, alikuwa tayari na suruali ya kazini na mabuti ya mpira, maana zamu ilikaribia. Walimwita Daktari. Aliwaambia anafanya kazi hospitali, wakajazia wenyewe, naye akawaacha. Alikuwa anafua mashuka.

Leo baba alimshtaki kwao kwamba binti ana mdomo, anajifungia chumbani, hasalimii wageni. Baba mdogo akasema masikio ya huyu mtoto ni ya kuvalia hereni tu. Shangazi akataka arudishwe nyumbani akanyooshwe. Wakacheka, wakamkanya, wakacheka tena. Binti alishazoea, aliitikia naam panapostahili naam. Jambo moja tu alikuwa amemwomba baba, jana, machozi yakimtoka, kwamba asiligusie.

"Halafu bado anakojoa kitandani," baba akasema. "Miaka kumi na minne."

Simu ikapasuka kwa vicheko. Binamu wa rika lake wakasukumana wamwone vizuri. Baba mdogo akauliza kama huko nepi za saizi hiyo zinapatikana, na mtu akaanza kumwita Kikojozi. Yote hayo angeyameza. Lakini baba naye alikuwa anacheka, kichwa nyuma, kama mtu aliyepata watu wa kwao.

"Shikamoo, bibi," binti akamwambia mama yake baba, aliyekaa katikati yao. "Umemwona Daktari miguuni?"

Akaishusha simu taratibu mpaka kwenye mabuti.

"Anafua mashuka ya wagonjwa, bibi, yenye mavi. Mimi nakojoa, yeye anafua. Ni biashara ya familia."

Baba mdogo ndiye aliyeanza. "Dobi!" Kicheko kikawa kilekile, hakikupungua wala kuongezeka. Bibi peke yake hakucheka. Aliusogeza uso kwenye kioo, akiuliza waliomzunguka yule ni nani.

Baba alijaribu kuivuta miguu chini ya kitanda. Uvungu ulijaa masanduku, haikuingia.

"Zima, mama," akamwambia binti kwa sauti ndogo. "Tafadhali, mama yangu."

Binti alijua pa kubonyeza. Akarudi nyuma hatua moja, ili baba aenee mzima kwenye kioo, kuanzia tai hadi mabuti.