Mpangaji wa Darini

Siku ya kuiona nyumba ile, wote waliipenda isipokuwa mama mkwe.

Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Aliipenda kwa sababu ina uzio na geti, na mtu anayelala njiani wiki baada ya wiki hutaka kujua kwamba watu wake wamelala salama. Mke aliipendea miti. Yeye alikuwa fundi miwani, kazi yake kusaga vioo kwenye duka la mjini, kutwa mashine inamlilia masikioni. Alipoiona barabara ile imefunikwa na majani huku na huku, haina honi wala spika, alijisikia kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Mama mkwe alisimama katikati ya sebule tupu, akatega sikio, akauliza, "Kuna msiba hapa?"

"Hapana, mama. Ndivyo mtaa ulivyo."

"Watu wako wapi?"

"Wako ndani kwao."

"Haya. Mimi nilikotoka, mtu akikaa kimya hivi tunamgongea mlango tujue kama yu hai."

Walicheka, wakahamia.

Ilikuwa nyumba pacha: paa moja, katikati ukuta, kila upande na mlango wake. Upande wa pili haukuwa na mtu. Mwenye nyumba, mzee mcheshi aliyevaa suruali za mikanda ya mabegani, aliwaambia mpangaji wa upande ule alikwisha kuhama, na yeye anasubiri mafundi wa rangi. "Mtakaa kama wafalme," alisema. "Hata jirani wa kuwaomba chumvi hamna."

Chumvi haikuwa na shida. Kilichopungua ni sukari.

Mwanzoni fundi miwani hakusema kitu. Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na daktari alikwisha kumkataza chai tamu. Kutwa alishinda peke yake, mke yuko kazini, mume yuko barabarani. Kopo la sukari likijazwa leo, baada ya siku chache kijiko kinagonga chini. Mkate nao ulikuwa ukikatwa vipande vinene, visivyo vya mkono wa mke. Hatimaye mke akalihamishia kopo chumbani kwake, ndani ya kabati la nguo.

Bibi, yule mama mkwe, alilitafuta kopo siku mgeni wake wa kanisani alipokuja. Hakulipata.

"Mkwe," alisema jioni ile, sauti chini kabisa, "mimi nimelea watoto wangu na wa wenzangu. Leo nafichiwa sukari?"

"Ni kwa afya yako, mama."

"Mimi sijaigusa. Mwulize huyo anayetembea juu."

"Juu wapi?"

Bibi alinyoosha kidole darini. "Mchana mkiondoka, anatembea."

"Ni panya, mama."

"Panya gani anakohoa?"

Kesho yake fundi miwani alichukua simu. Alimwita mwenye nyumba, naye akaja, akasimama koridoni chini ya mfuniko wa dari, ule ubao wa mraba ambao mafundi wa umeme hupandia. Aliutazama, wala hakuomba ngazi. Kisha akamvuta mke pembeni.

"Wazee wetu hawa," alisema kwa huruma. "Mama yangu mimi, Mungu amrehemu, mwishoni alikuwa anawapikia chai watu waliokwisha kufa. Huanza hivihivi. Kusikia sauti, kuficha vyakula. Msimgombeze."

Maneno yale yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Tangu hapo akaanza kumchungulia mama mkwe kama mtu anayetazama ufa ukutani: je, umeongezeka? Bibi akisahau kuzima jiko, moyo unamlipuka. Kisu cha mkate kilipotoweka jikoni, kisha shati la mume kwenye kamba ya ndani, hakuuliza hata. Alijifungia chumbani, akampigia mumewe simu kwa sauti ya kunong'ona.

"Mama kichwa chake kimeanza kupotea."

"Nikirudi mwisho wa mwezi tutampeleka hospitali," mume alisema. "Usimwache peke yake sana."

"Nitafanyaje, na kazi?"

Jumapili moja, bibi akiwa kanisani, fundi miwani alikuwa akioga. Juu yake ubao wa dari ukalia, *kri*. Akafunga bomba. Kimya. Akafungua maji, ubao ukalia tena, safari hii karibu zaidi. Akafunga. Kimya tena, kimya cha kitu kinachosubiri. Alisimama pale sabuni ikimkaukia mwilini, asithubutu kuinua macho. Baadaye alijiambia ni jua linapanua mbao. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na yeye ndiye aliyesema ni panya? Lakini kuanzia siku ile alioga na nguo moja mwilini.

Wiki iliyofuata, umeme ulikatika dukani. Mashine zikanyamaza, bosi akawaruhusu mapema. Fundi miwani alifika nyumbani mchana kweupe. Barabara ilikuwa tupu, majani hayatikisiki. Alifungua mlango polepole asimwamshe bibi, ambaye baada ya chakula hulala, akavua viatu, akaingia koridoni.

Mfuniko wa dari ulikuwa wazi. Katika shimo lile jeusi ilining'inia miguu miwili.

Miguu ya mwanamume, mikavu, yenye soksi za mumewe. Ilipapasa hewani, ikalipata kabati la koridoni bila kubahatisha, kama mguu unavyoijua ngazi ya kwao. Kisha ikaja suruali, kisha lile shati lililopotea, kisha mtu mzima mwembamba mwenye ndevu zilizokatwa vizuri. Akaruka chini bila kishindo. Alipogeuka wakatazamana.

Fundi miwani alifungua kinywa apige kelele. Mtu yule aliweka kidole mdomoni.

"Usipige kelele," alisema kwa upole. "Bibi amelala. Akikatizwa usingizi huumwa kichwa."

"Wewe... wewe ni nani?"

"Mimi ni jirani." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Mzee alinifukuza pale, mimi nikatoka kwa mlango nikarudi kwa paa. Nitakwenda wapi? Mtaa huu ni mzuri. Umetulia."

Mkono wake wa kulia alikuwa ameushusha kando ya paja. Ndani yake kulikuwa na kisu cha mkate, kile cha mpini wa mbao kilichokuwa kimepotea jikoni.

"Mbona umerudi mapema?" aliuliza, kama mume anavyomwuliza mkewe. "Leo si siku yako ya kushinda nyumbani."

"Umeme," alijibu, na akashangaa kuwa bado ana sauti.

"Aa. Basi tupikie chai. Na ile sukari kaitoe kabatini. Kule chumbani kwako napata tabu kuifuata."

Alilitoa kopo kabatini, akatangulia jikoni. Mtu yule alikaa kwenye kiti cha mume, akaweka kisu mezani, mkono juu yake. Fundi miwani alijaza birika. Mlango wa mbele ulikuwa karibu. Angekimbia, pengine angefika getini. Lakini chumba cha bibi kilikuwa nyuma ya mgongo wa mtu yule, na bibi ana goti baya.

"Mumeo haji mpaka mwisho wa mwezi," alisema yule mtu, akitazama moto. "Nami nimechoka na kule juu. Joto. Nafikiri tungeweza kukaa tu, watu watatu. Bibi nishamzoea."

"Atakuona. Atasema."

Alicheka, na cheko lake lilikuwa jema, ndilo lililotisha. "Si ulimwambia mumeo kichwa chake kimeanza kupotea? Nilikuwa juu yenu. Aseme. Nani atamwamini?"

Hapo ndipo fundi miwani alipomwona mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, kilemba kimelegea, mkono umeshika fremu. Alikuwa amesikia. Lile neno la kupotea kichwa alikuwa amelisikia lote, na macho yake yalimtua mkwewe kwa muda kidogo tu, yakaondoka.

Kisha uso wa bibi ukalegea kama nguo iliyoangushwa.

"Karibu, baba," alimwambia mtu mwenye kisu. "Umefika lini?"

Mtu yule aligutuka, kisha akatabasamu. "Zamani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wameingia?"

"Wameingia wote."

"Nani kawafungia? Mimi nataka kwetu." Bibi alianza kulia, kilio chembamba cha mtoto, machozi ya kweli yakimshuka. "Nipelekeni kwetu. Giza linaingia, mama yangu ananisubiri. Nipelekeni!" Sauti ikapanda. Akapiga ukuta kwa kiganja. "Nipelekeni kwetu!"

Mtu yule akasimama, akashika kisu, akatazama dirisha. Kelele hakuzipenda. "Mnyamazishe."

"Akianza hivi hanyamazi," fundi miwani alisema, na uongo ulimtoka laini kama uzi. "Mpaka nimtembeze. Namfikisha getini, anaona geti, anasahau, tunarudi."

"Nipelekeni kwetuuu!"

Mtu yule aliuma mdomo. Birika lilianza kuimba. "Getini tu," alisema. "Nipo dirishani. Chai isipoe."

Wakatoka. Bibi alimwegemea kwa uzito wake wote, akiburuta goti, akililia ng'ombe na mama yake. Njia ya changarawe kutoka mlangoni hadi getini ilikuwa fupi, lakini fundi miwani aliiona haina mwisho. Mgongo mzima ulimwasha pale alipohisi macho ya yule mtu. Komeo la geti lilikwama. Alilivuta, likatoka. Walipopita tu na ukuta kuwaziba, alimshika bibi kiuno na kupiga mayowe.

Mtaa haukujibu. Mbwa walibweka nyuma ya kuta. Pazia la ghorofa moja lilisogea, likarudi mahali pake. Aligonga geti la kwanza kwa ngumi, akagonga la pili, akiita "Mwizi! Jamani, tusaidieni!" Mtaani kwao kwa zamani, kwa yowe moja tu wangetoka watu na miko mikononi. Hapa kulikuwa na majani tu, na nyuma yao geti lao wenyewe limebaki wazi.

Mwishowe mlango mdogo ulifunguka. Mwanamke mzee, mwalimu mstaafu, alichungulia, miwani puani, akawavuta ndani wote wawili bila kuuliza na kukomea makomeo yote.

Polisi walipofika, mtu yule alikuwa bado jikoni. Alikuwa amemimina chai vikombe vitatu. Hakupigana. Alipopitishwa na pingu mbele ya geti la mwalimu, aliita kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mlisema mnarudi!"

Ukuta wa katikati haukufika darini; upande wa pili polisi walikuta godoro, sahani za fundi miwani, na picha yake ya harusi. Darini, juu ya bafu na juu ya kila chumba, vilikuwa vimetobolewa vitundu vya ukubwa wa dengu. Mwenye nyumba aliapa hakujua. Alisema atapigilia mfuniko misumari, tena bure.

Hawakulala pale tena. Mume aliliacha lori kwa mwenzake, akarudi, wakahamia ghorofa ya katikati ya mji, juu ya karakana ya kuchomea vyuma. Dari ni zege. Hata hivyo fundi miwani huigonga kwa mpini wa fagio kabla ya kuoga.

Alikaa muda mrefu kabla ya kuthubutu kulisema. Walikuwa wanachambua mchele, mafundi wa chini wanapiga nyundo.

"Mama, nisamehe. Kwa yale niliyomwambia mwanao."

"Uliogopa. Mtu akiogopa husema."

"Lakini uliigiza vizuri! Wale ng'ombe! Hata mimi ningekuamini."

Bibi alicheka, akapuliza pumba kwenye ungo. Kisha akaacha kucheka. Alizungusha mchele kwa kidole, akautazama kana kwamba kuna kitu amekiangusha humo.

"Mlangoni nilikuwa naigiza," alisema. "Hilo nalikumbuka. Lakini tulipofika kwenye changarawe, mkwe... nilikuwa sijui tunakwenda wapi. Nilimwona mama yangu amesimama getini."

Nyundo za chini ziliendelea kupiga. Fundi miwani aliweka ungo wake sakafuni, akasogea, akamshika mkono mama mkwe, wala hakuuachia.