Nauli ya Karwirwa

Dhahabu elfu arobaini! Kendi aliruka kitandani mpaka jirani akagonga ukuta. Pale Kinoru, kwenye laptopu yake iliyoshikiliwa na selotepu, Karwirwa alikuwa amesimama kando ya mto wa gemu, panga mkononi, mfuko umenona kiunoni. Kendi ndiye alimuumba: mwanamke mwindaji, mrefu, nywele nyeupe pe!

Na usidhani pesa za gemu huokotwa. Unaua mbwa mwitu, unachuna, unauzia ngozi fundi wa viatu. Panga likivunjika, lipa. Dawa, lipa. Farasi wa kukurudisha mjini, huyo sasa ndiye mwizi kabisa. Lakini Kendi anasomea biashara chuoni, hanyonywi ovyo. Akimaliza kuwinda, alikuwa anamwacha Karwirwa araruliwe na mbwa mwitu. Ukifa kwenye hiyo gemu unafufuka hekaluni, katikati ya mji, bure, na mfuko wako haujaguswa. Nauli imebaki!

Suhail, kijana wa bucha ya Majengo, alikuwa ananunua dhahabu kwa shilingi za kweli. Leo angelipa za kutosha ada ya mtihani, na bila hiyo ada, Jumatatu Kendi angebaki mlangoni akichungulia wenzake.

"Siz, nakungoja soko la gemu," Suhail aliandika. "Elfu arobaini kamili. Saa kumi ikipita nachukua ya Mahmood."

Mama yake Kendi, Beth, akapiga simu kutoka mtaa wa Dallas, kule Embu. Kendi hakungoja hata salamu.

"Mami, Karwirwa ametajirika!"

"Karwirwa gani?"

"Wa kwenye gemu! Si nilimpa jina la cucu, mama yako?"

Beth alizaa msichana mmoja tu, na huyo, kwa desturi, akachukua jina la upande wa baba. Mama yake Beth, Karwirwa, alizikwa bila mjukuu wa kumrudisha kwa jina.

"Ulifanya vizuri," akasema polepole. "Kwa hivyo amerudi. Anakula?"

"Mami, ni picha!"

"Akitoka kazi anafika nyumbani na nini?"

Kendi akacheka, akamweleza ile hesabu yake ya nauli.

"Unamuua mama yangu ndio usilipe farasi?"

"Si anaamka!"

"Na akiamka unamwambia pole?"

Simu ikakatwa.

Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umemeza uwanja wa Kinoru. Ndani ya gemu pia kulikuwa na ukungu, na gemu hiyo haina ukungu. Siku zote Kendi alikuwa anaona mgongo wa Karwirwa. Sasa Karwirwa alikuwa amegeuka, anamtazama. Uso ulikuwa na makunyanzi. Kendi hakumchora makunyanzi.

"Mahmood amefika," Suhail akaandika.

Farasi alikuwa pale pale, mia tano tu. Lakini mia tano ikitoka, elfu arobaini haijatimia, na Suhail akianza kukata bei hukata kama nyama. Kendi akafumba macho, akabonyeza.

Mbwa mwitu wakaja. Karwirwa hakuinua panga. Alishuka chini taratibu, vile mzee hutafuta kiti kwa mkono.

Hekaluni, hakuna mtu. Kendi akabonyeza tena, na tena. Sakafu tupu. Hakuna Karwirwa, hakuna mfuko.

Simu ikalia. Ni mama, ananong'ona.

"Kendi. Kuna mtu anabisha mlango."

"Nani?"

"Sijafungua. Nimechungulia dirishani. Nguo zimeraruka. Anasema ametembea kutoka mbali, hakupewa nauli."

Kulikuwa na maneno mengi ya kusema: usifungue, kimbia, mwambie pole. Lakini mdomo ukatangulia.

"Ako na mfuko?"

Kisha, kwa mbali, nyuma ya pumzi za mama, mtu akacheka kicheko kikavu cha kizee.

"Amekusikia," mama akasema. "Anasema uje uchukue mwenyewe."

Na komeo la mlango wa Dallas likasikika likifunguka.