Mashine Iliyomwagiwa Zege

Shemeji yangu ni fundi mwashi, na mtaa mzima unamwita Zege. Ana moyo mzuri, ila ana tabia ya kukusaidia kabla hujamwomba. Alinisikia nikilalamika kwamba mashine yangu ya kufulia ikianza kukamua inatembea chumba kizima. Nilipotoka kupelekea wateja nguo, akaichimbia miguu sakafuni na kuimwagia zege. Nikarudi nikaikuta imetulia tuli, naye anafuta jasho. Nikamshukuru, na soda nikamnunulia.

Kesho yake mwenye nyumba akapita, akaangalia chini, akasema kwa upole ulionitia wasiwasi, "Mwanangu, unakumbuka mkataba wa chumba? Chochote kilichojengewa humu ni cha jengo."

Nikakimbilia mkataba wa mkopo wa mashine, ambao nilikuwa nimeusaini bila kuusoma. Mashine ilikuwa bado mali ya walionikopesha, na kifungu kilikuwepo: nikiiruhusu iwe sehemu ya jengo la mtu, wanaichukua. Nimefulia beseni miaka mingi, vidole vinachubuka hadi kijiko kinanishinda. Sikuwa tayari kurudi huko.

"Nyamaza tu," Zege akasema. "Nani atainama kuangalia miguu ya mashine?"

"Shemeji, leo usinishauri kitu."

Nikaendelea kusoma. Chini yake waliandika kwamba mkopaji akitoa taarifa mapema, kabla kosa halijakomaa, anapewa muda wa kurekebisha. Akificha, hana muda. Nikampigia afisa mikopo, nikamweleza yote mpaka habari ya soda.

"Umefanya vizuri kusema," akanijibu. "Itoe kwenye zege. Ijumaa nakuja kuiangalia."

Mwenye nyumba kusikia hivyo, akasimama mlangoni. "Sakafu yangu haivunjwi."

Hapo nikapandwa na hasira. "Mzee, mashuka yako nafua mimi. Mimi nikiondoka, mashine utaiwasha wewe?"

Zege akaniwahi kabla sijaharibu zaidi. "Mzee wangu, niruhusu niivunje. Nitakumwagia sakafu mpya chumba kizima, kazi yangu bure."

Mzee akaitazama sakafu yake, imejaa nyufa tangu enzi za mpangaji aliyenitangulia. Akakubali, ila akanuna. Zege akagonga nyundo mchana kutwa bila kunitazama usoni, na mimi nikamwonea huruma.

Ijumaa afisa akaja. Mwenye nyumba naye akaja, akasimama palepale mlangoni, bado anashikilia kwamba mashine ilishakuwa ya jengo, kwa hiyo ni yake. Sikubishana. Nikaijaza mashuka yake mwenyewe, nikaiwasha, tukasubiri.

Ilipofika kukamua, ikatikisika, ikang'oka pale ilipo na kuanza safari. Ilimfuata mzee moja kwa moja. Akarudi nyuma mpaka akatoka nje, mikono juu. "Iondoeni hiyo," akasema. "Si yangu."

Afisa akamfuata na kalamu. "Basi niandikie hivyo hapa, mzee." Akaandika, akasaini.

Nikaikumbatia mashine ikiwa bado inaruka, machozi yananitoka na kicheko kimenibana. Sijawahi kuipenda kama siku ile.

Zege akakohoa pembeni. "Shemeji, tukiiwekea mpira chini ya miguu, itatulia."

"Muulize afisa kwanza," nikamwambia.

Akaenda kumuuliza.