Kizuizi cha Kabanga

Mama Mbelu alikuwa akimzalisha mke wa fundi viatu katikati ya daraja kubwa la mto Kamwela, mjini Kolwezi, alipohisi saruji ikimsukuma magotini. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Wanawake waliokuwa wakipeleka sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu kwenye kizuizi cha mwisho wa daraja, kuwauzia wapishi wa mjini, walikizunguka kitenge kilichoshikwa na mashangazi wawili, wakasalimu kwa adabu bila kuchungulia. Mtoto alitoka, akalia. Mama Mbelu alifunga kitovu, akamkabidhi kwa mama yake, kisha akaweka kiganja juu ya saruji kama alivyozoea kukiweka juu ya matumbo ya watu.

"Hii daraja iko na mimba," akasema. "Na haiko mimba ya jana."

Hakuna aliyebisha, kwani Mama Mbelu hakuwahi kukosea mimba. Mashangazi waliulizana tu kama daraja linaruhusiwa kula udongo.

Wabelgiji ndio waliolijenga, upinde mmoja wa saruji kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, wakalipa jina la mke wa mkubwa fulani. Mwaka wa sabini na mbili, amri ilipotoka kwamba kila mtu aache jina la ubatizo na kuchukua la mababu, daraja nalo lilivuliwa jina. Likapewa jingine refu mno, ambalo mtu hakuweza kulimaliza bila kuvuta pumzi katikati. Watu waliendelea kuliita Tumbo, kwa ajili ya upinde wake. Mlinzi wake, Tata Polycarpe, kwenye kadi ya kazi sasa alikuwa Raia Kalala, lakini mke wake Odile alisema hakuolewa na Raia Kalala, na chakula alimpakulia Polycarpe.

Upande mmoja wa daraja kulikuwa na mtaa wa wafanyakazi, cité. Upande wa pili kulikuwa na mji wa wakubwa, na mwanzoni mwake hospitali ya kampuni ya shaba, yenye vitanda vyeupe vya uzazi na maji ya bomba. Vitanda vilikuwa vya wake za wenye kadi ya kampuni. Kadi zilikaguliwa mwisho wa daraja, kwenye kizuizi: mti mrefu wa mistari myekundu na myeupe, ambao Tata Polycarpe aliuinua na kuushusha. Wajawazito wasio na kadi walikwenda hadi pale, wakabishana naye, na uchungu hausubiri mabishano. Nusu ya watoto wa cité walizaliwa juu ya Tumbo, Tata Polycarpe amewapa mgongo na kuwashikia mwavuli. Daraja lililoona uzazi mwingi kiasi kile, watu walisema, mwishowe limejifunza.

Bilonda, kitindamimba wa Mama Mbelu, alikuwa naye mjamzito. Mumewe, Ngeleka, alikuwa mchimbaji hadi siku aliyosema kwa sauti kubwa kwamba ngazi ya shimoni imeoza. Ngazi ilikuwa imeoza kweli, na kadi yake ikachukuliwa. Mimba ya kwanza Bilonda alijifungulia juu ya saruji kama wenzake. Mtoto hakupumua, na mama mtu alitoka damu hadi Mama Mbelu akadhani atazika wawili. Tangu siku hiyo mkunga alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: Bilonda apate kitanda.

Mvua za kwanza ziliponyesha, daraja kubwa lilishikwa na uchungu. Ilikuwa saa za mchana, na cité nzima ilisimama ukingoni. Mto uligeuka mwekundu wa udongo, Tumbo likatetemeka, magari yakaombwa yasubiri. Alitoka wa kwanza, upande wa juu wa mto, upinde mnene wenye saruji mbichi. Watu walipoanza kupiga vigelegele Mama Mbelu aliinua mkono.

"Mungoje. Kuko mwengine."

Wa pili alitoka upande wa chini, kwenye matete, mwembamba, nondo zake bado laini kama kucha za kichanga.

Mapacha! Watu wa asili ya Kasai, na cité ilijaa wao, hawafundishwi la kufanya na mapacha. Wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, mama yao huitwa Mwambuyi na baba Shambuyi. Watu wakajipaka pemba, ule udongo mweupe, wakaimba nyimbo za mapacha, ambazo ni za matusi ya chumbani, na kuziimba kwa adabu ni kuwakosea heshima watoto. Wazee wa kanisa waliimba kuliko wote.

Ikabaki kumpata baba. Wengine walilishuku daraja la reli ya kwenda Dilolo, lakini lile ni la chuma na halijawahi kuonekana Kolwezi. Ndipo macho yalipomgeukia Tata Polycarpe, aliyeegemea ukingo wa Tumbo miaka yote ile, mchana na jioni.

"Bon," akasema Tata Polycarpe baada ya kufikiri. "Kama njo mi, njo mi."

Wakampaka pemba kuanzia kofia hadi viatu, wakamtukana kama inavyotakiwa atukanwe Shambuyi, naye akacheka hadi akalia. Odile alileta kuku wawili na mabakuli mawili ya unga. Kwa mapacha kila kitu ni viwili, na vilingane. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa hukasirika, akarudi alikotoka.

Watoto walikua haraka. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele walikuwa wakibeba baiskeli. Hawakuwa na kizuizi, na ndani ya hospitali hakuna aliyeuliza kadi, kwa sababu masista walijua kwamba aliyefika amekwisha kukaguliwa. Wanawake wa cité walivuka juu ya mapacha, wakazaa vitandani, wakarudi na watoto wanaonukia sabuni. Mama Mbelu alikosa kazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alilala usingizi wa mchana, akanenepa, akawa na furaha isiyo na kifani.

Kisha Raia Mukalay, mkuu wa madaraja, mtu mpole, alikuja kuwaona watoto. Alimpongeza mama yao na kumwekea Mbuyi kizuizi, kwa kuwa ni mpana na gari lingeweza kupita. Kabanga aliachwa bila kitu.

Siku hiyohiyo Kabanga alinuna. Akajikunja, akakataa jua, mgongo wake ukaanza kushuka kuelekea majini. Jioni Tata Polycarpe alifika kwa Mama Mbelu, kofia mkononi.

"Mama, Kabanga eko nalia. Mi njo baba yake. Chakula haipite mu koo."

Walifanya walichoweza. Walimwomba Raia Mukalay aondoe kile cha Mbuyi, naye akaeleza kwa upole kwamba kizuizi huwekwa, hakiondolewi. Wakachonga kingine cha mwanzi, wakakipaka mistari, wakamsimamisha Ngeleka na filimbi. Kabanga alikitikisa kikaangukia mtoni kabla ya adhuhuri. Pacha hadanganywi kwa kitu cha bei rahisi. Alitaka kama cha mwenzake, chenye jiwe la uzani, taa, na mlinzi mwenye kofia.

Mama Mbelu hakulala. Aliyejua dawa ni yeye, na dawa ilikuwa kwenda ofisini kuomba kizuizi kwa kinywa chake. Lakini mimba ya Bilonda ilikuwa imeshuka tayari, na Kabanga akipata kizuizi, njia ya kitanda imefungwa. Siku chache tu, alijiambia, mtoto wa saruji angoje mtoto wa mtu. Kulipokucha maji yaligusa tumbo la Kabanga.

"Mama, enda uombe ile barrière," akasema Bilonda.

"Na weye?"

"Mi nitazala tu, banamuke bote banazalaka. Kabanga akienda, Mbuyi atamufwata. Mi najua kupoteza mutoto. Sitaki mama yabo aone vile."

Mama Mbelu alilia njia nzima, akafuta uso mlangoni, akaingia. Raia Mukalay alifurahi sana. Hakuwahi kuwaona wananchi wakidai kizuizi wenyewe, akasema cité hii imeelewa maendeleo.

Kizuizi kilikuja na lori, kipya, rangi haijakauka. Kilipofungwa, Kabanga alinyanyuka majini kwa mkupuo mmoja, maji yakimchuruzika, akanyoosha mgongo. Watu walicheza juu yake, Tata Polycarpe akatukanwa upya, na katikati ya ngoma uchungu ukamshika Bilonda.

Walikimbia naye hadi kwenye mti wa mistari. Mlinzi mpya, Kisimba, aliuliza kadi. Alisikitika, ilionekana usoni, lakini ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Mashangazi wakashika kitenge, Mama Mbelu akapiga magoti. Ng'ambo, madirisha ya hospitali yalikuwa wazi na vitanda vilionekana.

Kabanga alipasha saruji yake moto, akafanya bonde dogo la kumtosha Bilonda. Damu ilipoanza, alimwinua miguu juu, akamshikilia hivyo hadi damu ilipokoma. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti ya kuamsha kituo kizima cha gari moshi. Kisimba alivua kofia. Mama Mbelu alimbusu binti yake, akaibusu na saruji.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, aliweka kiganja juu ya daraja kubwa, akatangaza mapacha wengine, na cité ikaanza kutwanga pemba. Raia Mukalay aliagiza vizuizi mapema. Mama Mbelu alikwenda mwenyewe ofisini kumshukuru kwa kukumbuka kuagiza viwili.