Shati la Kutafutia Kazi

Kiwanda cha mabati kilipofungwa, wakubwa walisema uchumi umeyumba. Uchumi ukiyumba huanguka fundi. Wakubwa wana pa kushikilia. Ndivyo Mabati, kama mtaa ulivyomwita baada ya miaka mingi kwenye mashine ya kukunja, alivyobaki mikono mitupu na shati moja la heshima.

Shati hilo mkewe alilipiga pasi kila asubuhi. Mabati analivaa, anabeba vyeti, anakwenda kutafuta kazi. Mwanzoni alitafuta kweli, hadi soli zikaisha. Siku hizi alitafuta kwa kukaa. Aliishia kwenye lango la kiwanda kilekile, akicheza drafti ya vizibo na mlinzi, mtu pekee aliyebakizwa kazini ili alinde kufuli. Aibu ilimtafuna, lakini angeanzaje kumwambia mkewe?

Jumamosi moja akaingia karani wa takwimu, binti mpole mwenye kishikwambi. Mke alikuwa hapohapo sebuleni, anakunja nguo.

"Baba, wiki nne zilizopita ulitafuta kazi?"

"Natafuta sana, binti."

"Vizuri. Nitajie mahali pamoja tu ulipokwenda."

Mabati akakohoa. Akalitazama shati msumarini, kana kwamba lingemjibia. Mke akaacha kukunja.

"Sijaenda popote," akasema mwishowe. "Nilishakata tamaa. Nikitoka hapa nakwenda kucheza drafti."

Uso wa karani ukachangamka. "Basi wewe huhesabiwi, Baba. Asiyetafuta hatumhesabu kuwa hana ajira. Uko nje ya nguvu kazi."

"Kwa hiyo nina kazi?"

"Huna. Ila hujaikosa."

Hapo Mabati akaelewa kwa nini redio ilitangaza kwamba ukosefu wa ajira umepungua. Kumbe yeye na wenzake walikuwa wakiliokoa taifa kwa kukaa tu, na hata asante hawajapewa!

"Na wewe Mama, hufanyi kazi?" karani akamuuliza mwanamke aliyekuwa akichakarika tangu kabla ya jogoo kuwika.

Mke alizisukuma nguo kando. Aliinuka, akaleta kopo, akalimimina mezani. Vizibo vya soda vikatawanyika, vyote alivyovitoa kwenye mfuko wa shati kila alipofua. Mabati alitamani ardhi ipasuke.

"Nimepeleka maombi kiwanda cha sabuni," mke akamwambia karani. "Niandike mimi, natafuta."

Karani akabonyeza bila furaha. Mume ametoka kwenye hesabu, mke ameingia; nyumba bado ina mmoja asiye na ajira.

Alipoondoka, Mabati akafungua kinywa aombe radhi, mke akamwahi.

"Ungeniambia tu, mume wangu. Ningekuwa nimeanza zamani." Akamwekea pasi mkononi. "Jumatatu nina usaili. Gauni liko kwenye kamba. Usiliunguze."